Stika ya "BPA Free" Haijui Unapika Githeri

Tangu Ulaya ipige marufuku BPA, kemikali ya kutengenezea plastiki fulani, kwa vyombo vya chakula, hapa Kisumu stika zimekuwa nyingi kuliko vyombo vyenyewe. Juzi nimeingia supamaketi moja nikapata kontena za plastiki, zile za kubebea lanchi, zimebandikwa "BPA Free", yaani haina BPA, kwa herufi za kijani na bei imepanda shilingi 80 juu ya wenzake wa rafu ya chini. Nikapindua zote mbili nikaangalia matako. Zote zina namba 5 ndani ya ile pembetatu ya mishale, maana yake ni polipropilini, na polipropilini haitengenezwi na BPA, haijawahi, kwa hivo kuiuza na hiyo stika ni kama mama mboga akuuzie sukuma wiki akiapa haina mifupa. Ni kweli, haina. Lakini watu walikuwa wanachukua ya stika, na sisemi ni wajinga, ni vile tu habari ilitufikia ikiwa nusu.

Hiyo nusu iliyobaki ndo nataka tuongee. Wengi wamesoma hii marufuku kama kesi ya plastiki mbaya na plastiki nzuri, ati ukishamtoa mbaya kwa nyumba umelala salama. Mimi naona hapo ndo tunapotea. Maabara ikipima chombo cha chakula haipimi plastiki peke yake, inapima plastiki ikiwa na aina fulani ya chakula, kwa joto fulani, kwa muda fulani. Cheti kinachotoka ni cha hiyo matumizi. Ukibadilisha chakula ama joto ama muda, cheti kinabaki makaratasi, na jikoni zetu za huku, kuanzia Nakuru mpaka Busia, tunabadilisha vyote vitatu kwa siku moja kabla jua lizame.

Kwanza hiyo BPA yenyewe. Ni kemikali ya kutengenezea polikaboneti, ile plastiki ngumu inang'aa kama glasi, ndo ile ya mitungi mingi ya maji ya dispensa ya ofisini, na pia inaingia kwa ile rangi ya ndani ya mikebe ya chakula. Aprili 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kiwango ambacho mtu anaweza kumeza kila siku kutoka mikrogramu 4 kwa kila kilo ya mwili wake hadi nanogramu 0.2, yaani kimeshuka mara 20,000 kwa mpigo mmoja. Kutoka hapo Desemba 2024 Tume ya Ulaya ikapitisha marufuku, ikaanza kufanya kazi 20 Januari 2025, na viwanda vingi vikapewa mpaka 20 Julai 2026 kumaliza kuhama. Lakini si wanasayansi wote walipiga makofi. Taasisi ya Ujerumani inayoshughulikia hizi mambo, BfR, ilipiga hesabu zake ikafika mikrogramu 0.2, ambayo ni mara 1,000 juu ya ile ya EFSA, na Marekani ilikuwa imeondoa ruhusa ya BPA kwa chupa za watoto 2012 lakini kwa sababu watengenezaji walikuwa wameshaacha kuitumia, si ati walitangaza ni sumu. Kwa hivo hata wenye mashine za mamilioni wanabishana. Sisi huku ndo tunajua kila kitu kwa sababu ya stika.

Na ile meseji ya WhatsApp inazunguka kila Januari jua likiwaka, ati chupa ya maji ikikaa kwa gari inatoa BPA unapata saratani? Chupa za maji za dukani ni PET, namba 1, na hazina BPA. Ikipata joto kinachotoka ni antimoni kidogo, hiyo hutumika kama kichocheo kiwandani, na asetaldehidi, ndo ile radha ya plastiki unasikia ukinywa maji ya moto. Nani alikwambia ukunywe maji ya moto kwa chupa anyway.

Sasa tuingie maabara, manake watu wengi wakisikia "imepimwa" wanadhani kuna mtu anaangalia chombo kwa darubini anasema hiki kizuri. Haiendi hivo. Ukifuata sheria ya Ulaya, ambayo ndo wengi wanaiiga, wanakata kipande cha eneo linalojulikana, chukulia sentimita 10 kwa 10, wanakizamisha kwa kitu kinachoigiza chakula. Kama chakula ni kichachu wanatumia asidi ya siki ya asilimia 3. Kama ni cha majimaji ama kina pombe wanatumia ethanoli, kuanzia asilimia 10 kupanda. Kama ni cha mafuta wanatumia mafuta ya kupikia yenyewe, na hapo ndo plastiki nyingi hujulikana tabia, kwa sababu kemikali nyingi za plastiki zinapenda mafuta kuliko maji. Wanaacha kwa joto na muda uliopangwa, mara nyingi siku 10 kwa digrii 40. Baadaye, kama si mafuta, wanakausha ile maji na kupima uzito wa kilichobaki chini, na kwa hicho kipande kilichotoka hakifai kuzidi miligramu 10. Kisha kuna mashine nyingine za kutafuta kemikali moja moja kwa jina, kila moja na kikomo chake, na hata zile ambazo hakuna mtu aliziweka makusudi, mabaki ya kiwandani na wino.

Hicho kipimo cha siku 10 kwa digrii 40 kinakubaliwa kuwakilisha nini? Kinawakilisha kuhifadhi chakula muda mrefu kwa joto la nyumba, pamoja na kukipasha moto kiasi. Kiasi hicho kimeandikwa kwa fomula: kwa digrii 70 unaruhusiwa saa 2, na kila ukipanda digrii 10 muda unakatwa nusu, kwa hivo ukifika digrii 100 umebaki na dakika 15. Kumi na tano. Sasa kumbuka mama akiwa anachemsha githeri. Maji yameingia, mahindi makavu na maharagwe yameingia, juu ya sufuria anatandaza karatasi ya nailoni ndo kifuniko kikazwe vizuri mvuke usitoroke, makaa yaokolewe, na hiyo kitu inachemka saa tatu. Mtu mjuaji ataniambia Nakuru iko juu maji yanachemka kwa digrii 94 hivi, Kisumu kama 96, si 100. Sawa, fanya hesabu, unapata kama dakika 20 na kitu. Na hiyo mwinuko ndo inafanya githeri ichukue muda mrefu zaidi kuiva, kwa hivo umepewa dakika chache ukaongeza masaa. Mvuke unagonga ile nailoni, unakuwa matone, unadondoka tena kwa chakula, saa tatu nzima. Sidhani kuna labu ilipatia karatasi ya kubebea nyanya cheti cha hiyo kazi, na sioni ikipatia, kwa sababu hakuna aliyeitengeneza afanye hivo. Ukiuliza "hii karatasi ni salama?" swali lenyewe halina jibu mpaka useme salama ya nini.

Mfano mwenye unaniuma zaidi ni wa samaki. Miaka ya mwisho ya tisini Ulaya ilifungia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwanza mambo ya salmonela, halafu kipindupindu, halafu dawa za kuua wadudu, na ilibidi serikali na viwanda vya huku wajipange upya, ukaguzi, maabara, kila kitu, ndo mbuta, yaani sangara, irudi sokoni huko. Mpaka leo minofu ikitoka hapa kwenda nje, kila kitu kinachoigusa lazima kifae chakula, hata plastiki iliyolazwa katikati ya vipande. Na hiyo minofu ni baridi. Imegandishwa. Baridi ndo kazi rahisi kabisa kwa plastiki, karibu hakuna kinachotoka. Sasa mifupa iliyobaki baada ya kutoa minofu, mgongo wazi, haipandi ndege, inaingia kwa karai ya mafuta. Nilisimama kwa kibanda kimoja njia ya Dunga nikaangalia mama akiitoa: kijiko cha matundu juu, mafuta yanadondoka, moja kwa moja kwa gazeti, gazeti linalowa linakuwa kama kioo, halafu gazeti na samaki wake ndani ya karatasi nyeupe nyembamba inayoonyesha, na hiyo karatasi ikajikunja yenyewe ikashika mkia kama ngozi. Nilipofungua nyumbani kulikuwa na herufi tatu za kichwa cha habari kwa upande wa kichwa cha samaki. Moto, mafuta, wino na nailoni isiyojulikana imetoka wapi, vyote kwa kitu cha shilingi mia. Kazi rahisi ina cheti na kazi ngumu haina hata risiti. Samaki ni huyo huyo mmoja.

Wako wanaosema dawa ni kupiga plastiki marufuku yote, tumalize. Nawaelewa, na wana hoja nzito kwamba kila plastiki unayotoa kwa jikoni ni maswali yote hayo umeyaondoa. Lakini hatujasahau 2017. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti, faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 ama kifungo cha mwaka 1 hadi 4, ilikuwa sheria ya mazingira, ilitoka wizara ya mazingira na inasimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya serikali, ilihusu mitaro kuziba na ng'ombe kumeza majuala, haikuwa inauliza chochote kuhusu kemikali kwa chakula na hata ilisamehe vifungashio vya kiwandani. Watu wengi bado wanadhani ilikuwa ya afya. Na ilileta kitu ambacho sijasikia kikisemwa sana: zamani juala lilikuwa na mwenyewe, kiwanda kina anwani, ungetaka kumuuliza ametumia nini ungempata. Saa hii ile karatasi nyembamba ya kufungia omena na chapo inavuka mpaka usiku pale Busia, haina jina, haina kiwanda, na kwa sababu ni haramu hakuna mtu anaweza kusimama aseme ni yake. Siwezi sema marufuku ilikuwa makosa, mitaro ya Kondele inaongea yenyewe. Nasema tu kwa upande wa chakula ilituacha na karatasi chache lakini mbaya zaidi. Na mbadala wetu wa haraka imekuwa nini, gazeti na karatasi za vitabu vya shule za watoto, ambazo hakuna aliyezitengeneza ziguse mandazi ya moto yenye mafuta. Jani la ndizi liko pale shambani Vihiga bure, halina wino, lakini nani atabeba supu kwa jani.

Wengine wanasema KEBS, shirika la viwango la Kenya, ipime kila kitu. Hii ndo hoja ninayoiheshimu zaidi na ndo nilikuwa naiamini mimi mwenyewe mpaka mwaka jana. Ukiwa na maabara yenye ithibati ya ISO 17025, kile kiwango cha kimataifa cha maabara, huku huku, mwenye kiwanda kidogo cha kutengeneza ndoo Nakuru hangelazimika kungoja majibu ya kutoka mbali, na zile kontena nyeupe za povu za chipsi zingepimwa kwa joto la chipsi halisi, maana stairini inayotengeneza hiyo povu iliwekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, 2018 kwa kundi 2A, la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani. Nataka hiyo maabara. Lakini angalia mipaka yake. Itapima ndoo ikiwa mpya. Haitapima ndoo ya rangi ya ukuta iliyooshwa na Omo ikawa ya kubebea uji kazini. Haitapima pipa la bluu la lita 200 lililoletwa na kemikali ya kiwanda fulani, likauzwa na mtu wa vyuma kuukuu, na leo liko Kakamega linachachusha busaa. Busaa ni chachu na ina pombe, yaani yale maji mawili ya maabara, asidi na ethanoli, yako kwa pipa moja kwa siku kadhaa, na plastiki hukumbuka ilichobeba. Kwa vyombo vya kutumika mara nyingi maabara hurudia kipimo mara tatu kwa kipande kile kile na kuangalia kama kinachotoka kinapungua ama kinapanda. Kwa pipa la mkono wa pili hiyo haikusaidii, kwa sababu haupimi plastiki tena, unapima historia yake, na historia yake hakuna aliyeandika. Ndo maana nasema tatizo letu kubwa liko kwa maisha ya pili ya chombo, na maabara huishia kwa maisha ya kwanza.

Halafu kuna wale wa "tumekula hivi miaka yote na hatujafa." Hii ndo hoja dhaifu kuliko zote lakini ndo inashinda mabishano mengi kwa matatu, kwa hivo tuijibu. Kwanza, aliyekufa hayuko kwa matatu kuchangia. Pili, hakuna aliyesema karatasi ya githeri itakuangusha Jumanne. Hivo vikomo vyote vimehesabiwa kwa mtu anayekula kidogo kila siku maisha yake yote, na madhara yanayoogopwa ni ya homoni, ya kinga ya mwili, ya mimba, mambo yanayokuja polepole na kuchanganyika na mengine mia mpaka hakuna daktari atakuandikia "plastiki" kwa fomu. Ukosefu wa maiti si kipimo. Babu aliyefika 90 naye alikula kwa jani na sufuria ya chungu, hakukula chipsi za moto kwa povu mara nne kwa wiki, kwa hivo umri wake haututetei.

Lakini ndani ya hoja yao kuna punje ya kweli na si haki kuiruka. Hatari zina ukubwa. 2004 huko Ukambani aflatoksini, sumu ya ukungu wa mahindi, iliua watu 125, na kitu kimojawapo kinachosaidia mkulima wa Bungoma asifike huko ni ile gunia ya kuhifadhia mahindi yenye tabaka mbili za politini ndani, hewa haiingii, wadudu wanakosa pumzi, mahindi yaliyokauka vizuri yanabaki makavu. Hiyo ni plastiki inaokoa watu. Maziwa yaliyofungwa vizuri kiwandani yana afadhali kuliko maziwa ya wazi yaliyopigwa na vumbi ya stendi. Mtu akitupa plastiki zote kwa uoga wa nanogramu halafu mtoto apate kuhara, amepiga hesabu vibaya. Na ndo sababu narudi pale pale: gunia la mahindi ni kavu, ni baridi, halina mafuta. Plastiki ile ile ukiiweka juu ya mvuke wa saa tatu ni mambo mengine.

Ukikubali hivo, mambo ya kufanya yanabadilika, na mengine si ghali. Chombo kinachouzwa kwa chakula kingeandikwa joto lake la mwisho na kama kinakubali mafuta, kwa picha, si kwa Kiingereza cha herufi za mchwa. Hiyo ingemsaidia mnunuzi kuliko stika kumi za kijani. Kanuni za 2024 za wajibu wa mzalishaji, zilizotoka chini ya Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, zinawataka wazalishaji wajisajili na NEMA wawajibike kwa taka zao, na mimi nashangaa kwa nini usajili huo huo usimuulize mtu kama kifungashio chake kinagusa chakula na kwa joto gani, daftari tayari liko wazi. Mapipa na ndoo za kemikali zingetobolewa ama kuwekwa alama isiyotoka kabla ziuzwe mkono wa pili. Hii ya mwisho itapingwa sana na wafanyibiashara wa vyuma kuukuu, na pia na wapishi wa busaa, maana pipa jipya si bei rahisi, na sina jibu zuri kwao zaidi ya kusema pipa lililobeba mafuta ya kupikia na lile lililobeba dawa ya mifugo si pipa moja, hata kama yanafanana kama mapacha.

Na kaunti ziko ndani kabisa ya hii maneno. Katiba, kwa Jedwali la Nne, imewapa kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula. Afisa wa afya akifika kibandani anauliza cheti cha mpishi, anaangalia maji, anaangalia choo. Aongeze swali moja tu: hii karatasi umeitoa wapi? Simaanishi amkamate mama, mama hana makosa, namaanisha afuate hiyo jibu mpaka ifike mahali. Mimi nilijaribu siku ile ya mgongo wazi, nikamuuliza taratibu, mama, hizi karatasi nani hukuletea. Akacheka, mikono bado kwa karai. "Kijana fulani huja na boda asubuhi kabla watu waamke, kastoma wangu. Jina sijui. Kwa simu nimemsevu Wa Karatasi." Nikamuomba namba, akanitafutia, nikapiga mara mbili. Mteja hapatikani kwa sasa.